Noti za Baba Zenye Muhuri wa Buluu

Mwezi uliopita nilialikwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, hapa Silver Spring, Marekani, nikamkuta bibi harusi amewekewa kibao kando ya kiti chake, chenye ule mchoro wa vijisanduku vyeusi wa kulipia kwa simu. Ukitaka kumtunza kwa hela unakwenda mbele ukicheza kama kawaida, ila ukifika unatoa simu, unaielekeza kwenye kibao, inalia kidogo, basi, umeshamtunza. MC alisifu sana mpango huo, akasema sasa kamati haina haja ya kuinama kuokota hela sakafuni. Nilicheza, nikalipa, nikarudi kukaa, kisha nikajikuta nanusa vidole vyangu. Havikuwa na harufu yoyote.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka harufu ya noti. Ni harufu ya pochi ya ngozi iliyolowa ikakauka, yenye jasho la watu wengi ndani yake. Kwetu harufu hiyo ilikuwa nyumba nzima, kwa sababu baba yangu alikusanya noti za zamani. Sisemi alikuwa na hela, maana hakuwa nazo. Alikusanya noti ndogo ndogo za Marekani, za dola moja, za dola mbili na hata za senti, ambazo watu wengi waliozaliwa hapahapa hawajui kama ziliwahi kuwepo. Kanisani walimwita Gavana, kwa utani, kama gavana wa Benki Kuu, naye akiitwa hivyo anaitika bila kucheka.

Kazi yake ilikuwa kupokea malipo kwenye gereji ya kuegesha magari, chini ya jengo la ofisi katikati ya Washington. Alikaa kwenye kibanda cha kioo, anavuta noti kupitia dirisha dogo, anarudisha chenji. Siku hizo watu wengi bado walilipa taslimu, na mara mojamoja katikati ya noti za kawaida ilipita noti ya zamani, mwenye nayo hana habari. Baba alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anamwambia mwenyewe: hii ni ya zamani, iweke. Mtu akisema haidhuru, dola ni dola, baba anatoa dola ya mfukoni mwake anaitia kwenye droo ya kazi, na ile ya zamani anakuja nayo nyumbani ndani ya kitabu kidogo cha nyimbo. Kijana mmoja aliwahi kulipia gari kwa noti alizoachiwa na babu yake, hata za senti, na baba alimsihi aziweke mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Kijana alitaka tu kuondoka.

Jumamosi mchana meza yetu ya chakula ilikuwa mali yake. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari anayeingia kupasua, akajifuta, akatandika taulo jeupe, ndipo albamu ikafunguliwa. Mimi niliruhusiwa kukaa karibu kwa sharti la kutokula kitu chochote. Alinionyesha noti za senti, ndogo kuliko kiganja changu cha utotoni, akanieleza kwamba wakati Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe watu walificha sarafu zote, chenji ikakosekana, wakaanza kulipana kwa stempu za posta. Stempu ziligandana mifukoni, ndipo serikali ikachapa noti za senti zenye picha za stempu. Ofisa mmoja wa uchapaji akaona ni nafasi nzuri, akaweka sura yake mwenyewe kwenye noti ya senti tano, na wakubwa walikasirika mpaka wakatunga sheria kwamba mtu aliye hai asionekane kwenye hela. Baba alikipenda sana kisa hicho. Kila alipokisimulia alitikisa kichwa kama anayemzungumzia jirani.

Lakini alizozipenda kupita zote zilikuwa noti tano za dola moja. Kwa mbele zinafanana na dola ya leo, sura ileile ya rais wa kwanza, ila muhuri si wa kijani. Tatu zilikuwa na muhuri wa buluu, na ziliandikwa ahadi kwamba mwenye nazo atalipwa dola za fedha halisi, yale madini. Moja ilikuwa na muhuri wa kahawia na neno Hawaii, na ya tano muhuri wa njano. Hiyo ya njano ilichapwa kwa ajili ya askari wao waliopigana Afrika Kaskazini, ili adui akiziteka, serikali itangaze tu kwamba za njano si hela tena. Baba aliishika kwa kingo, akasema, "Hii ilifika Afrika kabla sisi hatujafika kwao." Zote tano zilipita dirishani kwake. Hakununua hata moja, na hilo ndilo lililompa kiburi.

Sasa niseme nilivyoelewa mimi. Mama yangu, aliyekuwa akihudumia wazee majumbani kwao, alikuwa na desturi ya kupiga pasi noti za sadaka. Kila Jumapili asubuhi, baada ya gauni langu na shati la baba, pasi ilipita juu ya noti, kwa sababu Mungu hapewi hela iliyokunjamana. Siku moja alimwonea baba huruma, akamwita kwa jina langu kama kawaida, akamwambia, "Baba Atu, lete na hizo zako nikunyooshee," na baba akaruka kufunika albamu kwa mikono miwili. Alieleza kwamba noti ya zamani haipigwi pasi wala haifuliwi, inaharibika. Mimi sikusikia habari ya kuharibika. Nilichoona ni kwamba tunazo noti nzuri za rangi, na kwamba kila Jumapili Mungu anapelekewa za kijani, za kawaida, na za rangi zinafichwa kwenye plastiki. Nilikuwa na hakika baba anamficha Mungu. Nilimwombea kila usiku, kwa Kiingereza, ili asinisikie akaelewa haraka.

Mambo yaliiva mwaka ule alipoalikwa kwenye maonyesho. Mzee mmoja Mmarekani, Bwana Leonard, mstaafu wa serikali, alikuwa anaegesha gari pale gerejini, akamwona baba ameinua noti kwenye taa. Kumbe yeye ndiye mwenyekiti wa klabu ya wakusanyaji wa noti iliyokutana kule mji wa Bowie. Baada ya miezi ya mazungumzo ya dirishani alimwambia baba kwamba klabu ingempa ubao wake kwenye maonyesho ya mwaka, na majaji wangeupima pamoja na za wengine. Baba alikuja nyumbani akiwa amenyooka mgongo. Aliupa ubao wake jina, Noti Zilizopita Dirishani Kwangu, akawaalika watu wa kanisani wote, na jirani yetu Mkenya, Mama Kamau, akaahidi kuja na chapati. Kwa miaka yote niliyomjua, baba alikuwa mtu wa nyuma ya kioo. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka akasema, tazameni, mimi ndiye.

Wiki moja kabla ya maonyesho ilikuwa sendofu ya Dada Tusa, binti wa shangazi yangu. Jumatatu yake angepanda ndege kwenda kufunga ndoa Mbeya. Sasa, kila nyumba ya kwetu hapa ina bahasha ya dola moja moja. Sherehe haziishi, na huwezi kumtunza mtu kwa noti ya ishirini ukasimama mbele yake kudai chenji, kwa hiyo unakusanya za moja moja mwaka mzima. Yetu ilikaa kwenye droo ya kabati la televisheni, bahasha nyeupe ya benki. Na siku mbili kabla ya sendofu baba alikuwa amezitoa noti zake tano kwenye plastiki zilizokwaruzika, akisubiri plastiki mpya alizoagiza. Alizitia kwenye bahasha safi. Nyeupe, ya benki. Droo ileile.

Hakuna aliyekosea kwa uzembe. Mama alirudi kazini amechelewa, akavaa huku anakula, akavuta droo, akachukua bahasha iliyokuwa juu, akaitumbukiza kwenye mkoba pamoja na noti nyingine alizokuwa nazo. Ukumbini MC alipoita upande wa wajomba, mama alitangulia. Nani asiyemjua mama akicheza? Mabega yanakwenda yenyewe, shingo imetulia, kitambaa kinapepea. Alifika mbele ya Dada Tusa akaanza kumbandika noti kwenye paji la uso, moja baada ya moja, zinashuka kwenye gauni na kwenye kapu, vigelegele juu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa, urefu wangu sawa na kapu, nikaona muhuri wa buluu. Nikaona mwingine. Kisha ya njano ikatua gotini kwa bibi harusi.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Mungu amesikia. Nilichomoka pale mbio nikamfuata baba, aliyekuwa ukutani anapiga makofi nje ya mdundo kama kawaida yake, nikamvuta koti nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nampenda, kwamba nimeona, kwamba amefanya vizuri kutoa zile za rangi. Aliniuliza, "Zipi, mama?" Nikamwambia zile za buluu, na ya njano, Mama amempa Dada Tusa. Baba aliinua macho akatazama kule mbele. Mama alikuwa amemaliza, anarudi akicheza kinyumenyume, anacheka, jasho linamtoka. Mikono ya baba ilisimama hewani kidogo. Kisha akaendelea kupiga makofi, na akapiga mpaka wimbo ukaisha. Mimi niliona mtu aliyetubu. Nilimshika mkono nikiwa na fahari kuu.

Mama aligundua Jumapili asubuhi. Alikuwa amepiga pasi sadaka yake, akafungua droo atafute dola yangu ya shule ya Jumapili, akaikuta bahasha ya moja moja imejaa, haijaguswa. Alisimama pale ameishika.

"Baba Atu. Zile za jana nilizitoa wapi?"

"Kwenye bahasha."

"Bahasha ipi?"

Baba alikuwa anafunga viatu. Hakuinua kichwa. "Ile nyingine," alisema.

Mama alikaa chini. Alisema Yesu wangu, akasema tena, kisha akachukua simu. "Nampigia wifi. Kapu liko kwake, Tusa haondoki mpaka kesho. Nitambadilishia, dola kwa dola, hata nimwongezee."

"Weka simu."

"Ni wiki ijayo, Baba Atu. Umealika watu."

"Najua nimealika. Sasa utamwambiaje dada yangu? Kwamba tulimtunza mtoto wake, halafu tunataka kwenda kuchagua zetu kwenye kapu?"

Mimi nikaingilia nikasema kwamba Dada Tusa mwenyewe hata hajui kama zina tofauti. Baba alinitazama. "Sisi tunajua," alisema. Ndipo nikaelewa, polepole na kwa aibu ya moto, kwamba hakukuwa na toba yoyote jana, na kwamba makofi yale yalimgharimu.

Wiki hiyo mama hakuimba jikoni. Mama Kamau alipokuja akasikia habari, akasema, "Aki si u-order zingine online? Hata kesho zinafika." Baba alimshukuru, akamwambia ubao wake unaitwa Noti Zilizopita Dirishani Kwangu, na za kununua hazikupita dirishani kwake. Mama Kamau akasema wanaume wa Tanzania ni wapole lakini wagumu kama kokwa. Jumatatu Dada Tusa akaondoka na kapu lake. Nimewahi kufikiri, ukubwani, kwamba huenda zile noti bado ziko Mbeya kwenye sanduku fulani, maana maduka ya kubadilisha fedha ya kule yanazikataa dola za zamani. Sijamuuliza Dada Tusa mpaka leo.

Ijumaa baba aliniita mezani. Alikuwa amepanga safu zote kwenye ubao, za senti juu, za dola mbili zenye muhuri mwekundu chini, na katikati safu tupu ya nafasi tano. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, kwa hiyo alinitajia kwa Kiswahili nami nikaandika kwa Kiingereza: Hapa palikuwa na noti tano za dola moja. Mke wangu alimtunza nazo binti yetu anayeolewa. Zimerudi kufanya kazi ya hela. Nilipokwama kwenye kumtunza nikamuuliza niandikeje, akasema wao hawana jambo hilo, niliache hivyohivyo kwa Kiswahili, atakayetaka kujua yeye mwenyewe atamweleza. Mimi niliandika. Niliona watacheka.

Ukumbi wa Bowie ulikuwa na zulia na ukimya. Wazee wenye miwani ya kukuzia iliyoning'inia shingoni walitembea kati ya mbao wakinong'ona, kwenye meza ya pembeni kahawa na biskuti. Katikati ya ukimya huo waliingia watu wetu, magari matano kutoka Silver Spring na Germantown, vitenge vya sare, vilemba virefu, chapati za Mama Kamau zikinukia ndani ya karatasi ya fedha. Mama alikuja mwisho, amevaa vizuri kuliko wote, uso umefungika.

Bwana Leonard alisoma kadi yangu mara mbili. Kisha akamweleza baba kwa upole kwamba sheria ya klabu inataka kila kilichotajwa kwenye ubao kionekane. Safu hii ikiondolewa, ubao utapelekwa kwa majaji kama ulivyo, nafasi ya kushinda ipo. Ikibaki, hautahesabiwa.

"Iondoe, Baba Atu," mama alisema kwa sauti ndogo. "Iondoe tu. Mimi ndiye nimeharibu."

Baba alimjibu Bwana Leonard, kwa Kiingereza chake kizito, akitenga neno na neno ili kila mtu asikie. Alisema, nikiiondoa hii safu, nitakuwa nasema mke wangu alikosea kumtunza mtoto wetu. Hakukosea. Alitoa vizuri. Ibaki. Bwana Leonard aliinamisha kichwa, akachora mstari kwenye daftari lake, akaenda. Mama alibaki ameutazama ubao, mkoba ameubana kwapani.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka. Wale wazee walizipita noti za senti haraka, walikuwa wameona nyingi, lakini kwenye safu tupu walisimama. Walisoma, wakauliza. Baba alieleza kumtunza ni nini, na kila alipoeleza alinyooka zaidi. Bibi mmoja alitaka kujua noti hubandikwa wapi hasa, baba akagusa paji lake la uso. Walirundikana pale mpaka mbao za jirani zikabaki peke yake. Nilisogea karibu. Nilitaka watu waone tumekuja pamoja.

Washindi wakatangazwa, wa tatu, wa pili, wa kwanza. Watu wetu walipiga makofi kwa adabu kila jina lilipotajwa, wakisubiri la baba, na Mama Kamau akanong'ona, "Bado wetu." Wetu hakutajwa. Bwana Leonard alishukuru watu, akakunja karatasi yake, wazee wakaanza kuvuta viti.

Ndipo mama akasimama. Hapakuwa na muziki wala MC. Alifungua mkoba, akatoa noti za dola moja moja, akaanza kuimba mwenyewe, kwa Kinyakyusa, wimbo wa kumpokea mtu aliyetoka safari, na mabega yakaanza kwenda. Alilivuka zulia lile la kimya akicheza, mzee mmoja akarudisha kiti chake nyuma kumpisha. Alifika kwenye ubao, mbele ya safu tupu, akambandika baba noti kwenye paji la uso. Akabandika nyingine. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuacha kucheza. Shangazi akapiga kigelegele kilichogonga dari, wote wakanyanyuka, Mama Kamau akiwa na chapati zake mkono mmoja na dola mkono mwingine, wakamzunguka baba wanamtunza, noti zinashuka kwenye koti lake na kwenye viatu, naye amesimama wima amefumba macho. Bwana Leonard alitazama kidogo, akatoa pochi, akapanga foleni.

Yule bibi wa Kimarekani alikuwa amesimama kando yangu. Aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini bwana yule ameshinda nini.

Nikamwambia, yule ni baba yangu. Hakuwa ameniuliza hivyo, lakini ndilo jibu nililokuwa nalo.